Mpira wa Mkurugenzi Hautoki Nje

Siku hizi mtu hawezi kucheza mchezo, akarudi nyumbani, akaoga, yakaisha. Lazima mchezo uwe umemjenga. Akikimbia ufukweni alfajiri, umemjenga. Akiogelea, umemjenga. Wazee wa mtaani kwetu wamecheza bao chini ya mwembe tangu sijaota ndevu, wamekula kete za wenzao, wamenuniana na kupatana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikalisha chini akaniambia bao limemkuza kiuongozi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Nchi aliiongoza na bao alilicheza, na hatukuitwa ukumbini kuelezwa jinsi la pili lilivyosaidia la kwanza.

Mkurugenzi wetu hana ustaarabu huo. Mwaka jana alihudhuria semina ya wakuu wa taasisi, akarudi na mkoba mrefu begani. Watu wa mapokezi walidhani ni gitaa. Dada mmoja alisema baadaye kwamba heri lingekuwa gitaa, maana gitaa hupigwa na mmoja na wengine wanaruhusiwa kuondoka. Jumatatu projekta ikawashwa, tukaitwa wote hadi mzee wa masjala, na slaidi ya kwanza ikasimama ukutani kwa herufi kubwa: TENISI HUJENGA TABIA NA KUKUZA TAALUMA. Afisa Utumishi alipiga makofi kabla hata hajamaliza kuisoma.

Waraka ukafuata. Kila Jumamosi saa kumi jioni, klabuni, mavazi meupe. Sentensi ya mwisho niliisoma mara nyingi nikitafuta mlango wa kutokea: "Ushiriki ni wa hiari na utazingatiwa katika tathmini ya mwaka."

Sasa mimi nakaa Mbagala. Klabu iko upande ule wa bahari ambako walinzi wanakuuliza umekuja kwa nani hata kama umekuja kwa waraka. Ni daladala mbili na kipande cha kutembea juani. Na nguo nyeupe pekee niliyokuwa nayo kabatini ilikuwa kanzu. Nilipoitoa na kuikung'uta, mama watoto aliiangalia, akaniangalia, akasema, "Ukiingia na hiyo watakuomba ufungishe ndoa." Ikabidi niende Karume kuchambua mitumba hadi nikapata kaptula nyeupe yenye nembo ya shule ya watu huko Ulaya. Kaptula hiyo ndiyo uwekezaji wangu wa kwanza katika kukuza taaluma, na nimeilipia mwenyewe. Niliuliza kwa mhasibu kama inarejeshwa. Hakunijibu, aliendelea kuchapa.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Aliyeona mita 23 hazitoshi akaongeza sentimita sabini na saba, huyo lazima aliwahi kufanya kazi idara ya fedha. Wavu, pale katikati, una kimo cha sentimita 91 tu. Unanifika kiunoni. Ni kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukirushia mpira kwa mkono ukapita juu bila taabu, lakini mpe mtu mzima mwenye familia raketi uone. Mimi niliishika kama mtu anayefukuza kuku jikoni, na mipira yangu ikajazana chini ya ule wavu hadi Afisa Utumishi akauliza kwa upole kama nimeelewa kwamba lengo ni upande wa pili.

Lakini kucheza kwenyewe si tatizo langu. Jasho halijaua mtu, na pale klabuni maji ni baridi. Tatizo langu ni slaidi.

Slaidi ya tatu ilihusu uvumilivu, ikiwa na picha ya John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa, Wimbledon, mwaka 2010. Wale watu walicheza mechi moja siku tatu. Saa 11 na dakika 5. Seti ya tano peke yake ilikula zaidi ya saa nane na ikaisha 70 kwa 68. Ubao wa matokeo ulifika 47 kwa 47 ukagoma, maana waliouandaa hawakuwahi kufikiria kwamba binadamu wangefika huko. Mkurugenzi alisimama mbele ya picha hiyo akatuuliza, "Ni nani kati yenu ana moyo wa Isner?" Tukainamisha macho kama kawaida.

Nilikwenda kusoma iliyobaki, kwa sababu slaidi huwa zinakatwa mahali patamu. Isner aliyeshinda aliingia mechi yake iliyofuata akiwa hoi. Seti ya kwanza hakupata hata gemu moja, akafungwa seti tatu mfululizo na Mholanzi Thiemo de Bakker, akafunga virago. Hilo halikuwa kwenye slaidi. Halikuwemo pia hili, ambalo ndilo hasa lingenifaa mimi: wenye mchezo wao walikaa, wakatazama, wakaona huu si uvumilivu, ni balaa. Mwaka 2019 Wimbledon ikaweka sheria kwamba seti ya mwisho ikifika 12 kwa 12 ichezwe taibreki, watu waende nyumbani. Mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa yakakubaliana kwamba hata hiyo ni mbali, wakikabana 6 kwa 6 inatosha, mwenye kufika pointi kumi kwa tofauti ya mbili achukue.

Nikasema, hapa sasa tenisi ina la kutufundisha. Ofisini kwetu tuna kikao cha kila Jumatatu chenye ajenda sita, na ya sita inaitwa Mengineyo. Ajenda tano za kwanza zinakwisha kabla chai haijapoa. Mengineyo ndiyo seti ya tano. Nimeona Mengineyo ikianza jua likiwa dirisha la mashariki na ikafungwa likiwa la magharibi. Niliandika pendekezo kwa heshima zote, nikalitumbukiza kwenye kisanduku cha maoni: Mengineyo ikifika nusu saa, ichezwe taibreki, kila mwenye hoja apewe dakika moja, kisha tutawanyike. Jibu lilikuja kwa maandishi. Pendekezo limepokelewa na litajadiliwa kwenye Mengineyo.

Slaidi nyingine ilikuwa ya Roger Federer. Mwezi Juni 2024 alihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, akawaambia kwamba katika mechi zake 1,526 za mtu mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini ukihesabu pointi moja moja, alishinda asilimia 54 tu. Yaani mtu aliyeitwa mfalme wa mchezo alipoteza karibu nusu ya pointi alizocheza. Funzo, kwa mujibu wa Mkurugenzi, ni kwamba ukikosea unasahau, unasonga mbele kwenye pointi inayofuata.

Ukumbi mzima ulitazamana. Wiki hiyo hiyo kijana wa ununuzi alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu aliandika tarehe ya jana kwenye hati ya leo. Alipewa saa 48. Alikuwa amekaa pale mstari wa tatu na barua yake mfukoni, anaelezwa kuhusu asilimia 54. Mzee wa masjala, ambaye amebakiza muda mfupi astaafu na kwa hiyo hana wa kumwogopa, alinong'ona kwa sauti iliyofika mbele: "Huyo Federer hapa kwetu asingethibitishwa kazini."

Niseme haki ya mchezo. Kuna jambo moja katika tenisi ambalo kama lingefika ofisini kwetu ningevaa hiyo kaptula hata siku za kazi. Mnapocheza bila mwamuzi, na sisi hatuna mwamuzi, kila mtu ndiye hakimu wa upande wake. Mpira wa mpinzani ukianguka kwangu, mimi ndiye ninayesema umetoka nje au uko ndani. Na nikiwa na shaka hata kidogo, kanuni inasema shaka hiyo ni mali ya mpinzani: mpira ni mzuri, pointi ni yake. Fikiria watu wanaofanya kazi kwa mtindo huo. Fikiria mtu wa fedha anasema, sina hakika kama risiti hii ina kasoro, basi ni nzuri, chukua hela yako. Wenyewe wakubwa wa mchezo hawaamini kwamba jicho la binadamu linaweza kazi hiyo. Mwaka 2025 Wimbledon waliwaondoa wale waamuzi wa mistari wakaweka mashine. Sisi wa Jumamosi tumeachiwa macho yetu na dhamiri zetu.

Mhasibu wetu ni mtu ambaye ukimpelekea risiti ya EFD iliyofifia wino huigeuza kwenye mwanga wa dirisha mara tatu. Niliwahi kurejesha masurufu ya safari ya Dodoma, risiti ya gesti ikawa imekosewa herufi moja ya jina la ofisi, na suala hilo lilidumu kuliko safari yenyewe. Jicho lake halipitwi na kitu. Jumamosi moja alipangiwa kucheza na Mkurugenzi. Mkurugenzi akapiga fohendi kubwa, mpira ukatua nje ya mstari wa nyuma kwa kipimo cha kiatu kizima, kisigino mpaka kidole. Mhasibu aliinama, akapachunguza mahali penyewe kwa yale macho ya idara ya fedha, akanyanyuka.

"Ndani, Mkurugenzi! Mpira safi kabisa!"

"Una uhakika?"

"Umegusa mstari, Mkurugenzi. Nimeuona mwenyewe."

Kocha wa klabu alikuwa anatazama kunguru. Mechi iliyofuata mhasibu akapangiwa dada wa mapokezi. Dada akapiga mpira mzuri, na mhasibu akatangaza "Nje!" ukiwa bado hewani.

Pale ndipo nilipoelewa kilichokosewa kwenye ile slaidi ya kwanza. Tabia inasafiri, sawa, lakini safari yake ni ya kinyume. Inatoka ofisini Ijumaa jioni na kufika uwanjani Jumamosi ikiwa imevaa nyeupe. Anayekata kauli za wenzake kwenye kikao ndiye anayekimbilia mpira wa mwenzake mkicheza wawili wawili. Afisa Utumishi, ambaye hajawahi kutoa jibu la ndiyo au hapana tangu aajiriwe, kila mpira ukianguka kwake husema, "Hili tulitafakari." Na mhasibu ni yule yule, mkali kwa walio chini na laini kwa aliye juu. Raketi haikumwongezea wala kumpunguzia.

Nikimwambia Mkurugenzi hivyo, najua atanirudishia Federer. Ni kweli, Federer wa ujana alikuwa na hasira mbaya, anarusha raketi, analia, wazazi wanaona haya, halafu akaja kuwa yule mtulivu tunayemjua. Lakini kuna kisa chake kimoja kinachojulikana sana cha siku zake katika kituo cha taifa cha vijana huko Uswisi. Waliwekewa pazia jipya ukumbini, yeye akarusha raketi ikalichana. Adhabu ikawa kuamka asubuhi na mapema wiki nzima kufanya usafi, na hakuwa mtu wa kupenda kuamka mapema. Kwa hiyo tukubaliane: kilichomjenga pale ni ufagio. Ufagio tunao tangu shule ya msingi, tulishika namba kila asubuhi, na hatukutakiwa kuvaa nyeupe.

Halafu kuna John McEnroe, aliyecheza tenisi tangu utotoni akafika namba moja duniani, na bado mwaka 1990 kule Melbourne alifukuzwa uwanjani katikati ya mechi kwa matusi na kuvunja raketi. Kilichonichekesha ni utetezi wake. Adhabu zilikuwa na ngazi nne, mwaka huo zikapunguzwa kuwa tatu, naye alikuwa bado anahesabu za zamani. Alidhani amebakiwa na kosa moja la kutumia. Yaani kulikuwa na waraka na hakuusoma. Huyo angefaa sana hapa kwetu. Na kitaaluma, mbona alistawi? Alikuja kulipwa vizuri kutangaza mechi, na hasira yake ikawa inaigizwa kwenye matangazo ya biashara.

Ukitaka mtu ambaye tenisi imemkuza kitaaluma pale klabuni, usimtafute kwenye waraka. Ni kocha. Alianza akiwa mtoto, anaokota mipira kwa ujira mdogo, anacheza na raketi zilizotupwa baada ya wanachama kuondoka. Sasa ndiye anayetufundisha. Analipwa kwa saa, na masika yakinyesha halipwi. Nilimtazama siku moja akicheza na Mkurugenzi nikasahau hata kunywa maji. Kila mpira aliurudisha palepale fohendi ya Mkurugenzi inapopenda, kimo cha kiuno, mwendo wa wastani, hatua moja tu ya kusogea. Ukija mpira mbovu uliokwenda kombo, kocha aliukimbilia, akaunyoosha hewani, akaurudisha mzuri, Mkurugenzi akaua pointi na kunyoosha ngumi juu. Kumfunga Mkurugenzi ni kazi ya dakika kumi. Kumfanya ashinde kwa jasho, seti mbili kwa moja, na asigundue, hiyo ni taaluma yenye miaka ndani yake.

Nilimsogelea wakati wa kufunga mipira. "Kocha, hivi huyu bwana anaweza?"

Akatabasamu bila kuinua kichwa. "Anaweza sana, mzee wangu. Akipata mpinzani mzuri."

Na hapo kwenye kukuzwa ndipo slaidi zinaponiudhi zaidi, maana zinamwambia kila mtu kwamba njia ni moyo tu. Mwaka 1971 mcheza tenisi Arthur Ashe alipita Yaoundé, Kamerun, akacheza na mtoto mmoja akaona ana kitu. Mtoto yule moyo alikuwa nao tayari na mkono alikuwa nao. Alichokosa ni mtu wa kunyanyua simu. Ashe akawasiliana na wakubwa wa tenisi wa Ufaransa, mtoto akachukuliwa akafundishwa, na mwaka 1983 Yannick Noah akabeba kombe la Roland Garros. Hata jirani zetu Kenya, binti yao Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 na baadaye dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, hakufika huko kwa kuhudhuria kwa hiari Jumamosi saa kumi. Huyo tenisi ndiyo kazi yake. Kocha wetu amecheza mbele ya wakurugenzi wasiohesabika, wote wana simu mbili mbili, na namba iliyopigwa mpaka leo ni ya kuulizia kama uwanja umekauka.

Zamu yangu na Mkurugenzi ilifika mwezi uliofuata. Nilikuwa nimeshajua kuvusha wavu. Tukiwa tumekabana, akapiga mpira mrefu, nikauona vizuri, sikuwa na shaka hata ya kumkopesha mtu.

"Nje," nikasema.

Uwanja mzima ulinyamaza. Afisa Utumishi aliacha kufungua chupa. Mhasibu alianza kufunga kamba za viatu vilivyokuwa tayari vimefungwa.

"Una uhakika?" Mkurugenzi akauliza. Yalikuwa maneno yale yale aliyomwambia mhasibu, ila kwangu yalinukia barua ya kujieleza.

"Nina uhakika, Mkurugenzi."

"Basi turudie hiyo pointi."

Kanuni haina kitu cha kurudia pointi kwa kuwa mpigaji hakupendezwa, lakini tulirudia. Tulirudia na ya baadaye. Ilipofika ya tatu nilikuwa nimekwisha kukosa daladala la moja kwa moja.

Tathmini ya mwaka imetoka wiki hii. Kwenye uadilifu, mhasibu amepata tano kati ya tano, na maelezo yanasema ni mtu anayeona haki hata pale wengine wasipoiona. Kijana wa ununuzi ameambiwa ajifunze kusahau makosa, barua yake bado iko kwenye faili. Mimi kwenye ari ya kufanya kazi na wenzangu nimepewa mbili, ingawa mchezo niliopangiwa ni wa mtu mmoja mmoja. Nimekata rufaa kwa Afisa Utumishi, nimeambatanisha vipimo vya uwanja na nakala ya kanuni. Amejibu haraka kuliko nilivyomzoea. Rufaa itasikilizwa Jumamosi saa kumi, uwanja namba mbili, na nimekumbushwa kuja na mipira yangu mwenyewe.